Nyumba Njema si Mlango: Kurasa Zetu Tuzipange kwa Msomaji

Siku hizi ni nadra kumwona kijana wa pwani mwenye kutunga beti mbili tatu asiyetamani kuwa na ukurasa wake mwenyewe katika intaneti, mahali atakapoweka mashairi yake, makala yake na fikira zake bila ya kungoja ruhusa ya mhariri. Jambo hilo ni jema. Mimi pia nimo katika shughuli hiyo hiyo, na miezi hii miwili nimekuwa nikiupanga ukurasa wangu kila nipatapo nafasi baada ya sala ya Isha. Kwa hiyo haya niyasemayo leo si maneno ya mtazamaji aliyesimama nje ya ngoma.

Lakini katika kuzipitia kurasa za wenzetu, walio Mombasa, Lamu na Malindi, na hata wale waliohamia Arabuni na Ulaya, nimeona jambo ambalo yafaa tulizungumze wazi. Twachagua sura ya kurasa zetu kama mtu anunuaye kanga kwa kutazama pindo na mji tu, asijali kulisoma jina. Kanga ya namna hiyo aweza kumpelekea mkwewe kwa furaha, kumbe jina lake ni kijembe!

Rai yangu ni hii. Ukurasa wa maandishi upangwe kwanza kwa ajili ya neno na kwa ajili ya msomaji, kisha ndipo yafuate mapambo. Na kwa sisi watu wa mashairi, kipimo ni kimoja: je, shairi lasomeka kwa mizani yake na vina vyake, bila kukatikakatika, katika simu ndogo ya mtu wa kawaida? Ikiwa halisomeki, basi rangi na mapicha yote tuliyoyaweka ni kazi bure.

Wahenga walikwisha kutuusia kuwa nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Tuufungue basi mlango huo tutazame.

VIOLEZO VYA WENGINE

Kwa msomaji asiyeijua kazi hii, nitaeleza kwa ufupi. Zamani mtu aliyetaka ukurasa katika intaneti ilimlazimu ajifunze lugha ya kuiamrisha kompyuta, au amlipe fundi. Mambo yalianza kuwa mepesi mwaka 1999 ilipotokea huduma iitwayo Blogger, na yakazidi kuwa mepesi mwaka 2003 ilipotoka programu ya WordPress. Leo mtu hujiandikisha, akachagua jina, akaonyeshwa violezo kwa makumi vilivyokwisha kutengenezwa. Kiolezo ni ile sura ya ukurasa: kichwa kikae wapi, herufi ziwe kubwa kiasi gani, rangi iwe ipi, picha iwe upande gani. Huchagua kimoja, akabonyeza, na kabla chai haijapoa ana ukurasa.

Ni hapo penye jambo. Violezo hivyo kwa kawaida hutengenezwa na watu ambao mawazoni mwao mna maandishi ya nathari: aya ndefu, na juu yake picha kubwa ya chakula, au ya safari, au ya mtoto akicheka. Nathari haina taabu. Ikate mstari popote upendapo, maana yake haiharibiki. Neno lililokuwa mwisho wa mstari likishuka chini, msomaji hashtuki.

Shairi letu si hivyo. Shairi la Kiswahili ni kitu kilichopimwa, kama jahazi lilivyopimwa na fundi wake. Ukiondoa ubao mmoja mahali pake, maji yaingia. Kwa hiyo mtunzi anapochukua kiolezo cha nathari na kukijaza mashairi pasipo kukigeuza, ni sawa na mtu aliyenunua kanzu iliyokatwa kwa kipimo cha mtu mwingine. Mwilini itaingia, lakini kila amwonaye atajua kuwa si yake.

SHAIRI LIKATWAPO

Tuchukue mfano wa tarbia, yaani shairi la kawaida la mishororo minne. Kila mshororo una mizani kumi na sita, nane za ukwapi na nane za utao, na katikati pana kina kinachofanana na cha mshororo wa juu yake. Ukizihesabu herufi za mshororo mmoja pamoja na nafasi zilizo baina ya maneno, mara nyingi utapata arubaini au zaidi. Simu ya kawaida, ikishikwa wima na herufi zake zikiwa za ukubwa wa kusomeka, haitoshi kuchukua mstari wa urefu huo.

Basi hutokea nini? Simu haijui ukwapi wala utao. Ikifika ukingoni hukata. Mshororo wa kwanza hukatwa baada ya mizani kumi na mbili, wa pili baada ya kumi na tatu, wa tatu baada ya kumi na moja. Neno la mwisho, lile lenye kina, huanguka chini peke yake kama mtoto aliyepotezana na mamake sokoni. Kina cha kati hakionekani tena kuwa ni cha kati. Msomaji mzoefu hupata taabu ya kulipanga upya shairi kichwani mwake, na kijana ambaye ndiyo mara yake ya kwanza kuliona huondoka akidhani kuwa mashairi ya wazee wetu hayana utaratibu.

Hilo ndilo linaloniuma. Kijana huyo hakulikataa shairi. Amelikataa gogo lililoharibiwa na msumeno wa mtu mwingine.

Vipo pia violezo vipendavyo kuweka kila mstari katikati ya ukurasa. Kwa kadi ya harusi hayo ni mazuri. Kwa shairi, vina ambavyo vingesimama kimoja chini ya chengine kama nguzo za msikiti, huyumba huku na huku, na jicho hupoteza njia.

Dawa yake si ngumu. Katika ukurasa wangu nimeamua kila mshororo uandikwe kwa mistari miwili, ukwapi juu na utao chini, na utao usogezwe ndani kidogo ili msomaji ajue kuwa ni mwendelezo. Mwenye kompyuta yenye kioo kipana ataviona vipande viwili vimekaa pamoja katika mstari mmoja, na mwenye simu ataviona kimoja chini ya chengine. Kwa vyovyote, mahali pa kukata ni pale pale alipopachagua mtunzi. Utenzi ni mwepesi zaidi, kwani kila kipande kina mizani nane tu, na vipande vinne vyaingia katika simu ndogo kabisa bila msukosuko.

WAANDISHI WA KALE WALIYAJUA HAYA

Mtu asidhani kuwa mambo haya ya kupanga ukurasa tumeletewa na kompyuta. Waandishi wetu wa kale waliyatafakari kabla hajazaliwa babu wa mwenye kutengeneza kiolezo.

Tazama miswada ya tenzi iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Karatasi ilikuwa ghali na wino ulikuwa wa kupikwa, na bado mwandishi hakuyabananisha maneno kama samaki katika tenga. Vipande vya ubeti alivipanga kwa utaratibu, na baina ya kipande na kipande akatia alama, ili jicho lijue pa kupumzika na ulimi ujue pa kuvuta pumzi. Tenzi zikisomwa kwa sauti mbele ya watu, na mpango wa ukurasa ulimtumikia msomaji huyo mwenye kupaza sauti.

Mtazame Mwana Kupona binti Mshamu. Katika utenzi wake aliomtungia bintiye, alitaja mwishoni idadi ya beti zake na mwaka alioutunga, 1275 wa Hijria, ambao ni 1858 wa Miladi. Mtu aweza kusema hayo ni mapambo ya kumalizia tu. La, hasha! Ni ulinzi. Mwenye kunakili akiruka ubeti, hesabu itamsuta. Nasi leo twaweka mashairi katika kurasa zetu bila tarehe, bila jina la mahali, na wakati mwingine bila hata jina la mtunzi, kisha twalalamika kuwa yameibiwa na kubadilishwa.

Mtazame naye Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945. Mtu huyu alikuwa mtunzi, mwanamuziki, mchongaji wa milango na mwandishi wa khati nzuri, aliyewanakilia tenzi wataalamu kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Mkono uliochonga nakshi za mlango ndio huo huo ulioshika kalamu. Lakini alijua kuwa mlango ni mlango na utenzi ni utenzi. Nakshi katika mlango huenea ubao mzima, kwa sababu mlango ni wa kutazamwa. Ukurasa ni wa kusomwa.

KHATI NA IRABU

Nimetaja herufi za Kiarabu, na hapa nina neno kwa wenzangu Waislamu wa pwani. Miongoni mwetu wamo wazee, na khasa mama zetu waliosoma chuoni, ambao Kiswahili chao cha maandishi ni kile cha khati za Kiarabu. Je, kurasa zetu hazina nafasi yao?

Ni kweli kwamba khati hizo zilikuwa na taabu zake. Kiarabu hakina p, wala ch, wala g yetu, wala v. Kwa hiyo zamani herufi ya be ilifanya kazi ya b, ya p na ya mb pia, na neno moja lililoandikwa vile vile liliweza kusomwa bata, au pata, au mbata. Msomaji alitegemea maana ya sentensi imwongoze. Wataalamu wetu waliliona tatizo hilo. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alizitengeneza herufi hizo ziwafae Waswahili, na mwaka 1997 Sheikh Yahya Ali Omar pamoja na mwenzake P. J. L. Frankl walichapisha mapendekezo kamili ya jinsi ya kukiandika Kiswahili cha Mombasa kwa herufi za Kiarabu.

Ule mpango wa kuzipa herufi za lugha za ulimwengu nambari zake katika kompyuta, uitwao Unicode, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991, unazo herufi za p, ch, g na v zilizozaliwa katika lugha nyingine zitumiazo khati za Kiarabu. Maana yake ni kwamba leo mtu aweza kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu katika simu yake, na mwenzake wa Muscat akakisoma. Yanayobaki ni mambo ya upangaji, na upangaji ndio tunaouzungumza.

Kwanza, ukurasa uambiwe kuwa sehemu hiyo huanzia kulia kwenda kushoto, la sivyo nukta na mabano yataruka upande usio wake. Pili, mistari ipewe nafasi kubwa juu na chini, kwani irabu zataka pa kukaa, na Kiswahili pasipo irabu hakisomeki. Tatu, ichaguliwe fonti ya naskhi iliyo wazi, na ijaribiwe kwanza, kwani si fonti zote zionyeshazo alama za e na o.

Mimi nimeamua kila shairi langu liwe na sura zote mbili, ya Kirumi na ya Kiarabu, moja chini ya nyengine. Kazi ni mara mbili, lakini babu na mjukuu watasoma shairi moja katika simu moja.

Na tafadhali, tuache mtindo wa kupiga shairi picha na kuibandika hiyo picha peke yake. Maneno yaliyo ndani ya picha hayatafutiki kwa urahisi, hayakuziki kwa mwenye macho mafupi, na zile programu zinazowasomea wasioona kwa sauti mara nyingi hazina la kusoma. Picha yenye uzito tena hula bando la msomaji, na si kila msomaji ana pesa za kununua bando kila siku.

RANGI NA MAPAMBO

Huenda baadhi ya wasomaji wakaniambia: ewe bwana, dunia ya leo ni dunia ya macho. Ukurasa usiopendeza hakuna atakayeuingia, na shairi lisiloingiliwa ni sawa na lisiloandikwa. Hoja hii ina uzito wake na siipuuzi.

Lakini ni nani aliyesema kuwa wepesi wa kusoma na uzuri ni maadui? Ukitaka ushahidi, itazame misahafu ya Siyu, katika kisiwa cha Pate, iliyonakiliwa kwa mkono katika karne ya kumi na nane na ya kumi na tisa. Ni maandishi mazuri ya kupigiwa mfano. Rangi zilizotumika ni chache: nyeusi, nyekundu na manjano. Nyeusi ni ya maneno yenyewe. Pambo la pambizoni, katika ada ya misahafu, humwonyesha msomaji kuwa hapa pameanza juzuu au hizbu. Hivyo pambo lina kazi. Ukiliondoa, msomaji hupungukiwa na kitu.

Kipimo hicho ndicho ninachokitumia. Kila pambo nililotaka kuliweka katika ukurasa wangu naliuliza: unamfanyia nini msomaji? Mstari mwekundu chini ya anwani humwonyesha pa kuanzia, basi na ukae. Alama ndogo baina ya ubeti na ubeti humpumzisha, basi na ikae. Picha ya mnazi na jua likichwa nyuma ya maneno haimfanyii lolote ila kumfanya ashindwe kuyasoma maneno, basi na iende zake. Herufi nyeupe juu ya picha yenye rangi kumi ni adhabu, khasa kwa msomaji aliye juani pale Marikiti akingoja matatu.

Nina wasiwasi pia juu ya ada iliyozuka ya kuigeuza Bismillahi au aya ya Kurani kuwa pazia la nyuma ya ukurasa. Kuanza kwa Bismillahi ni desturi yetu na tenzi zetu nyingi zimeanza hivyo. Lakini hiyo ilikuwa ni Bismillahi ya kusomwa. Ikifanywa pazia, simu ndogo huikata katikati, na maneno mengine huandikwa juu yake. Sitoi fatwa, kwani mimi si mwanachuoni. Nasema tu kwamba taadhima ya maneno hayo yataka yaandikwe yakamilike, mahali pake, peke yake.

MATANGAZO KATIKA BARAZA

Nyumba zetu za mawe zina mpango wake. Mgeni hupokewa darini mwa watu? Hasha. Hupokewa barazani au katika daka, akakaa, akasalimiwa, akaelezwa habari. Ndani zaidi mna misana na vyumba, na huko ndiko kwenye zidaka vilivyowekwa vyombo vya thamani. Ukurasa mwema ni hivyo hivyo. Mgeni afikapo aone jina la mwenyewe, aone shairi la karibuni, na aone njia ya kuyaendea ya zamani. Asipokewe na mlolongo wa vitu ishirini vinavyomvuta nguo.

Lakini baraza ni ya mwenye nyumba. Makampuni mengi yatoayo nafasi ya bure hujilipa kwa matangazo, na mwenye ukurasa mara nyingi hana habari ni tangazo gani litakalomtokea msomaji wake. Nimeona kwa macho yangu kaswida ya kumsifu Mtume (S.A.W.), imetungwa kwa ufundi mkubwa, na chini ya ubeti wa tatu likachomoza tangazo la kamari. Mtunzi wake hakulitaka wala hakulijua. Lakini msomaji atalaumu nani? Ukialika watu Maulidi nyumbani kwako, huwezi kusema kuwa mcheza karata aliyekaa barazani si shauri yako.

Kwa hiyo nasema: mwenye kuweza, na ajilipie nafasi yake na jina lake mwenyewe. Majina yenye kuishia kwa herufi za nchi yetu husimamiwa na KENIC, na huuzwa na mawakala kwa ada ya mwaka. Na asiyeweza peke yake, na aungane na wenzake. Watunzi watano wa mtaa mmoja wakichanga, watapata nyumba moja yenye vyumba vitano. Sisi ni watu wa kuchangiana katika harusi na matanga. Hatushindwi kuchangiana katika mashairi.

MALI BILA DAFTARI

Jambo la mwisho si la sura bali ni la uhai wenyewe. Mali bila daftari hupotea bila habari, na intaneti si daftari la kutegemewa peke yake.

Kulikuwa na huduma iliyoitwa GeoCities, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1994, ambapo watu kwa mamilioni walijijengea kurasa zao za binafsi. Mwaka 1999 ilinunuliwa na Yahoo, na mwezi wa Oktoba 2009 ikafungwa. Waliokuwa wameweka nakala pengine walisalimika. Waliobaki walitegemea watu wema waliokimbia kuokoa walichoweza kabla ya mlango kufungwa. Ikiwa hayo yaliwapata wenye nyumba yao, sisi wapangaji wa mbali tuna dhamana gani?

Sisi tunayo mafunzo yetu pia. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyekufa yapata mwaka 1840, hakuacha diwani iliyochapishwa. Mashairi yake yalikaa vifuani mwa watu, mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi alipoyakusanya na kuyaandika, naye W. E. Taylor akayatia maelezo. Diwani ilichapwa Johannesburg mwaka 1940, karne nzima baada ya mtunzi wake kufariki, na mwaka 1979 Mohamed Hassan Abdulaziz akatutolea kitabu chake juu ya mashairi hayo. Lau Mwalimu Sikujua angaliona uvivu, leo tungekuwa twasikia jina la Muyaka tu.

Na Sheikh al-Amin, niliyemtaja awali, alipoanzisha gazeti lake la Sahifa hapa Mombasa mwaka 1930, lilikuwa ni karatasi ndogo ya kuwasemesha watu wake kwa lugha yao. Karatasi za namna hiyo hufungiwa bisi sokoni. Lakini makala zake zilikusanywa zikawa kitabu, Uwongozi, mwaka 1944, na mwaka 2017 kikatoka pamoja na tafsiri yake ya Kiingereza huko Leiden. Kilichoyaokoa maneno hayo ni kukusanywa na kuwekwa vizuri, si urembo wa karatasi yake.

Kwa hiyo katika kupanga ukurasa wangu nimejiwekea sharti: kila shairi liwe na jina la mtunzi, mahali, tarehe ya Hijria na ya Miladi, na idadi ya beti, kama alivyofanya Mwana Kupona. Kisha kila baada ya miezi mitatu nanakili yote katika kifaa cha nje, na yaliyo bora nayachapa katika karatasi nikayatia jalada. Mwenye kucheka na acheke.

KAZI KWA VIJANA

Wapo vijana wetu wengi siku hizi wanaosoma mambo ya kompyuta katika vyuo vikuu vyetu, na wengine wamekuwa mafundi wa kutajika. Nawatolea wito. Badala ya kila mtunzi kuhangaika peke yake na kiolezo cha nathari, kwa nini msitutengenezee kiolezo cha shairi la Kiswahili? Kiwe chajua tarbia na takhmisa, chajua utenzi na vipande vyake vinne. Kisikate ila penye kina. Kikubali Kirumi na khati za Kiarabu bila kugombana. Kiwe chepesi, kifunguke hata katika simu ya bei ndogo huko Faza na Vanga. Kisha mkitoe bure, kiwe wakfu kwa watunzi wote.

Kazi hiyo si kubwa kwa mwenye kuijua, na thawabu yake haikatiki. Mwandishi wa kale wa Siyu hakuwa na umeme wala kioo cha kuwaka. Alikuwa na unyasi wake wa kalamu, wino wake, na msomaji wake moyoni. Vifaa tunavyo vingi kumshinda. Mwenye lake na alete, na mwenye ukurasa aushike simuni sasa hivi, alisome shairi lake mwenyewe kwa sauti, na asikilize ulimi unakwama wapi.